Je, Wajua? Mambo Mapya Kitandani kwa Mgonjwa Mahututi

Je, wajua kwamba barani Afrika wagonjwa mahututi wengi hawako ICU? Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2025 ulipita katika hospitali 180 za nchi 22 za bara hili na kuwatazama karibu wagonjwa 20,000 watu wazima waliolazwa. Mmoja kati ya 8 alikuwa mahututi. Karibu 7 katika kila 10 ya hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida, pale pale walipo wenye mguu uliovunjika na wanaosubiri kuruhusiwa kesho. Ndani ya siku 7, mmoja kati ya 5 alikuwa ameshafariki.

Kinachouma zaidi ni hiki: kati ya walioshindwa kupumua vizuri, chini ya nusu ndio waliokuwa wamewekewa oksijeni. Wenye presha iliyoporomoka, zaidi kidogo ya nusu ndio waliokuwa wanapata dripu au dawa ya kuipandisha. Na waliopotewa na fahamu, mmoja tu katika 10 ndiye aliyekuwa amelazwa ubavu au kuwekewa kifaa cha kulinda njia ya hewa. Kumlaza mtu ubavu hakuhitaji umeme, fundi, wala kibali cha manunuzi.

Wajua kwamba ipo orodha ya huduma ambazo kila mgonjwa mahututi anastahili kuzipata, awe ICU au pembeni ya mlango wa wodi namba 3? Iliandaliwa mwaka 2021 na wataalamu 269 wa nchi 59, na miongoni mwa walioisukuma walikuwamo watafiti wa Tanzania, wa Ifakara na Muhimbili. Ina vitendo vya tiba 40 na mahitaji 67 ambayo hospitali inapaswa kuwa nayo. Ukiisoma unaweza kudhani umekosea karatasi: kupima mapigo ya moyo, kuhesabu pumzi, kumnyanyua kichwa, kufungua mshipa, kumwita mwenzako. Hakuna hata kitu kimoja cha kupigia picha siku ya uzinduzi. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziunganishe huduma za dharura, za mahututi na za upasuaji, na la pili kuhusu oksijeni.

Muhimbili wenyewe walishajaribu kitu cha namna hiyo. Waliweka utaratibu ICU: muuguzi akikuta kipimo kimevuka mstari wa hatari, anaanza hatua iliyoandikwa papo hapo na kumwita daktari, badala ya kuandika namba kwenye chati na kwenda kitanda kinachofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo kwa jumla havikushuka, lazima tuseme ukweli huo. Lakini kwa wagonjwa waliofika na presha ya chini, vifo vilishuka kutoka 92 katika kila 100 hadi 69.

Je, wajua kwamba moja ya tafiti zilizotikisa vitabu vya tiba duniani ilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania? Inaitwa FEAST. Kwa miaka mingi kila mwongozo ulisema mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa damu amiminiwe maji mengi kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo barabara, kwa sababu lilionekana wazi mno. Profesa Kathryn Maitland na wenzake wa Kilifi, Mulago, Mbale, Soroti, Lacor na Muheza wakaamua kulipima kwa watoto 3,141. Waliomiminiwa maji ya chumvi au albumini walikufa 10 na ushee katika kila 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, bali walipewa maji ya kawaida ya kuwatosha kwa siku, walikufa 7 na ushee. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, na mwaka 2011 ukachapishwa.

Wengi Ulaya na Marekani walishtuka. Wengine wakasema ni malaria, wengine wakasema ni upungufu wa damu, wengine wakasema hospitali zenyewe hazina ventileta. Takwimu zilipopasuliwa, karibu kila kundi la watoto lilionyesha jambo lile lile: waliomiminiwa walifanya vibaya zaidi. Kwa muuguzi wa wodi ya watoto maana yake ilikuwa moja kubwa: roli ya dripu ile ndogo, inayogeuzwa kwa kidole gumba, inaweza kuua.

Watu wazima je? Lusaka, Zambia, walijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 200 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi na dawa za kupandisha presha kwa ratiba ya haraka walifariki 48 katika kila 100. Waliohudumiwa kwa kawaida ya hospitali, 33. Hiyo ilichapishwa 2017.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 haukuyatupa maji. Bado unataja mililita 30 kwa kila kilo ya mgonjwa katika saa 3 za mwanzo, ila sasa ni pendekezo hafifu. Awali lilikuwa agizo. Mwongozo huo huo unasema noradrenalini inaweza kuanzishwa kwa kanula ya mkononi, usikae kusubiri mshipa mkubwa wa shingoni huku presha inazama. Antibayotiki kwa mwenye sepsisi na mshtuko: ndani ya saa 1.

Kidole nacho kimepandishwa cheo. Mwongozo huo unashauri kutumia muda wa damu kurudi kwenye ngozi kuwa mmoja wa viongozi wa tiba ya mshtuko. Namna walivyofanya watafiti wa ANDROMEDA-SHOCK huko Amerika ya Kusini ni hii: chukua kipande cha kioo, kile cha maabara, kigandamize kwenye nyama ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia mpaka pawe peupe. Shikilia sekunde 10 bila kulegeza. Achia, huku jicho liko kwenye saa. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri pembeni mwa mwili. Rudia kila baada ya nusu saa. Waliwalinganisha wagonjwa waliofuatwa kwa kidole na waliofuatwa kwa kipimo cha damu cha lakteti. Katika siku 28, wa kidole walifariki karibu 35 katika kila 100, wa lakteti 43. Kitakwimu tofauti hiyo ilikwama mlangoni kabisa, kwa hiyo tusitangaze ushindi. Ila kwa hospitali ambayo kipimo cha lakteti hakijawahi kuonekana, hili ni jambo la kukaa nalo.

Je, wajua kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kumdanganya muuguzi zaidi mgonjwa akiwa mweusi? Asili yake ni Japani, kazi ya mhandisi Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma rangi ya damu, na rangi ya ngozi nayo imo njiani. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba ya kidoleni na oksijeni halisi iliyopimwa kwenye damu ya ateri. Kifaa kiliposema 92 hadi 96, wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wazungu walikuwa chini ya 4.

Inashangaza kidogo kwamba dunia iligundua hili kwa uzito wakati wa UVIKO, ingawa maandishi ya kuhoji yalikuwepo miaka mingi kabla. Miongozo ya awali ya Marekani ilitosheka na kifaa kujaribiwa kwa watu 10, wawili tu kati yao wakiwa na ngozi nyeusi. Rasimu mpya ya Januari 2025 inataka watu 150 au zaidi, wenye rangi za kila aina. Vilivyopo kwenye makabati yetu vilipita kwa mtihani wa zamani. Basi mgonjwa anayehema kwa tabu, mbavu zinazama, hawezi kumaliza sentensi, halafu kifaa kinasema 93: mwamini mgonjwa.

Ngozi hiyo hiyo, jambo jingine. Kidonda cha mgandamizo huanza kwa wekundu usiofifia ukibonyezwa, ndivyo vitabu vinavyofundisha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unasema kwa wenye ngozi nyeusi mikono itumike: pasa eneo la kisigino, nyonga na mkia wa mgongo, linganisha na ngozi ya jirani. Je, pana joto zaidi au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Muulize mgonjwa kama panauma. Lowesha ngozi kidogo, weka taa nzuri, kisha tazama tena. Ukisubiri wekundu, utakutana na kidonda chenyewe.

Mswaki umeishinda dawa. Kwa miaka mingi kinywa cha mgonjwa aliye kwenye ventileta kilipakwa klorheksidini ili kuzuia nimonia. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa maambukizi vya Marekani vilishauri iachwe kinywani, kwa kuwa faida yake haikuthibitika na kulikuwa na wasiwasi kwamba huenda inaongeza vifo. Badala yake, piga mswaki. Uchambuzi wa majaribio 15 uliotoka mwishoni mwa 2023 ulikuta kupiga mswaki kila siku kunapunguza nimonia ya hospitalini kwa theluthi moja, na wagonjwa wa ventileta ndio walionufaika zaidi. Vifo ndani ya ICU navyo vilipungua. Sijawahi kuona bajeti ya ICU yenye mstari wa miswaki.

Nyanyua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Jaribio la Barcelona la 1999 lilikuta nimonia kwa 8 katika kila 100 ya walionyanyuliwa, na 34 ya waliolazwa chali. Robo karne imepita na bado ukipita wodini utakuta vitanda vimelala kama meza, mara nyingi kwa sababu mkono wa kukizungushia kitanda umevunjika.

Kumimina maji ya chumvi kwenye mpira wa kupumulia kabla ya kunyonya makohozi: usifanye kwa mazoea. Ndivyo unavyosema mwongozo wa 2022 wa wataalamu wa tiba ya upumuaji wa Marekani. Wala usinyonye kwa ratiba ya kila saa 2. Nyonya kunapokuwa na sababu: makohozi yanaonekana kwenye mpira, mapafu yanakoroma, au mistari ya mashine imekuwa na meno kama ya msumeno. Kila unyonyaji usizidi sekunde 15, na oksijeni iongezwe kwanza.

Je, wajua kwamba ile kazi ya kuvuta chakula kutoka tumboni kwa sirinji kupima mabaki huenda haikuwa na haja? ICU 9 za Ufaransa ziliwagawa wagonjwa 449 wa ventileta mafungu mawili, wanaopimwa mabaki na wasiopimwa. Nimonia ilikuwa 16 katika kila 100 upande mmoja na 17 upande wa pili, yaani sawa. Wasiopimwa walipata chakula chao zaidi, kwani hakuna aliyekuwa anakatisha uji kila baada ya saa chache. Hiyo ni 2013, na sirinji bado zinavuta.

Kanula ya mkononi tulifundishwa kuibadilisha kila siku 3 au 4, iwe na tatizo isiwe na tatizo. Muuguzi mtafiti wa Australia, Claire Rickard, aliongoza jaribio la wagonjwa 3,283 kulihoji hilo. Waliobadilishiwa kwa kalenda na waliobadilishiwa kwa sababu tu, wote walipata uvimbe wa mshipa kwa kiwango kile kile cha 7 katika kila 100. Ilikuwa 2012, na hospitali nyingi zikaacha kalenda. Halafu Geneva wakaacha nao, wakahesabu, wakaona maambukizi ya damu yanapanda, wakarudi kwenye kalenda. Ubishi haujaisha. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba kanula itazamwe kila zamu, na ambayo haitumiki itolewe leo.

Tukiwa hapo kwenye mishipa, wajua nani aliyeyashusha maambukizi ya mishipa mikubwa Michigan? Mwaka 2006 daktari Peter Pronovost na wenzake waliandika habari ya ICU 103. Walikuwa na orodha ya hatua 5: nawa mikono, jifunike na kumfunika mgonjwa kikamilifu, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka mshipa wa pajani, toa mrija usiohitajika. Orodha kama hizo zilikuwepo hata kabla. Kipya kilikuwa kwamba muuguzi alisimama pale na karatasi, na alikuwa na ruhusa ya kumwambia daktari asimame akiruka hatua. Kiwango cha kati kilitoka maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri ndani ya miezi 3, na kikabaki hivyo. Watu wakaibeba orodha duniani kote. Ruhusa ya muuguzi ikabaki njiani, nadhani, maana orodha ni rahisi kubandika ukutani kuliko kumwambia bingwa, "Daktari, samahani, hujafunika miguu."

Futi ya fundi cherehani ni kifaa cha ICU. Tangu 2000 inajulikana kwamba ventileta inayosukuma hewa ndogo, mililita 6 kwa kila kilo badala ya 12, inaokoa maisha ya wenye mapafu yaliyojaa maji: vifo 31 dhidi ya karibu 40 katika kila 100. Lakini kilo zinazohesabiwa si za mizani, ni za urefu, kwa sababu mapafu hayanenepi. Mama wa sentimita 160 huhesabiwa kilo 52, hata kama mizani inasema 95. Hewa yake ni mililita 315 hivi. Anayekadiria kwa macho atampa 500 na zaidi, na mapafu yataumia polepole bila kelele. Mpime akiwa amelala, kutoka utosini hadi kisiginoni, uandike kwenye chati.

Kumlaza kifudifudi. Ufaransa na Hispania, 2013, wagonjwa 466 wenye mapafu mabovu kabisa: waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo walifariki 16 katika kila 100 ndani ya siku 28, wengine karibu 33. Ni dawa chache zimewahi kufikia hapo. Na ni kazi ya mikono. Mmoja anashika kichwa na mpira wa kupumulia, yeye ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu, hakuna mwingine anayetoa amri. Wawili kila upande. Macho yamefungwa kwa plasta laini, mpira wa kulishia umesimamishwa, vibandiko vya kifuani vimehamishiwa mgongoni, shuka mbili zimeviringishwa pamoja pembeni. Kisha mto chini ya kifua, mkono mmoja juu na mwingine chini, kichwa kigeuzwe upande mwingine kila baada ya saa chache. Wakati wa UVIKO ilionekana kwamba hata asiye na mashine, mwenye fahamu zake, akilala kifudifudi huku anapewa oksijeni nyingi hupunguza uwezekano wa kuishia kwenye ventileta.

Je, wajua asili ya ICU yenyewe? Ni Copenhagen, 1952, polio ikiwa imeshika mji. Mashine hazikutosha. Kwa ushauri wa daktari Bjørn Ibsen, koo la msichana wa miaka 12 likatobolewa, ukawekwa mpira, naye akaanza kumpulizia kwa mfuko wa mkono. Ilipofanikiwa, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu kwa miezi kadhaa wakibana mifuko kwa mkono, usiku na mchana. ICU ya kwanza ikafunguliwa mjini humo Desemba 1953.

Bangladesh walitumia chupa ya shampuu. Watoto wenye nimonia kali Dhaka walipewa hewa kwa mrija ambao mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji, mapovu yakiyafungua mapafu kwa shinikizo dogo. Mwaka 2015 waliripoti vifo 4 katika kila 100, dhidi ya 15 kwa oksijeni ya kawaida. Habari nzuri, ikasafiri. Malawi, katika hospitali ya wilaya ya Salima, wakajaribu shinikizo la aina hiyo, wakitumia mashine, kwa watoto walio hatarini zaidi, kwenye wodi isiyosimamiwa na daktari kila siku. Vifo vilikuwa 17 katika kila 100, na wa oksijeni ya kawaida 11. Dhaka kulikuwa na macho ya kutosha pembeni ya mtoto.

Macho hayo yamewahi kuhesabiwa. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walitazama hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliongeza uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Ilichapishwa 2014. Kwa wastani wa kila nchi, wodi zilizopimwa zilikuwa na wagonjwa kama 5 hadi 13 kwa muuguzi. Kwa zamu za usiku zinazojulikana na wauguzi wengi wanaosoma safu hii, hesabu hiyo ingetoka nje ya karatasi.

Mgonjwa wa ICU aliyeanza kuona wadudu ukutani, au kuwatukana ndugu zake, hajapagawa. Huenda ni deliriamu, ubongo kushindwa kazi kwa muda kama figo inavyoshindwa. Kuna aina ya pili isiyotambulika kirahisi: mgonjwa mpole, kimya, hasumbui, anaandikwa "ametulia". Kipimo chake hakihitaji mashine. Mshike mkono, mwambie akubane kila akisikia herufi A, kisha mtajie herufi 10 polepole. Akikosea zaidi ya mara 2, umakini wake una kasoro, endelea na hatua zinazofuata za kipimo. Haloperidoli? Jaribio la Marekani la 2018 halikukuta nafuu yoyote katika siku za kuchanganyikiwa. Mpe miwani yake, mwambie leo ni siku gani, mfungulie pazia mchana na uzime taa usiku, mpunguzie dawa za usingizi.

Kumtembeza mapema ni vizuri, lakini pole pole. Jaribio la wagonjwa 750 la mwaka 2022 lilikuta kwamba kulazimisha mazoezi mengi zaidi hakukuongeza siku za kuishi nje ya hospitali, bali kuliongeza matukio mabaya kama moyo kwenda mrama.

Sukari: usiikimbize chini sana. Wagonjwa 6,104, mwaka 2009, waliobanwa sukari ibaki 81 hadi 108 mg/dL walifariki zaidi kuliko walioachwa mpaka 180.

Kati ya kengele 100 za monita, tafiti zimekuta 72 hadi 99 hazihitaji mtu afanye chochote. Osha ngozi kwa sabuni na maji, ikauke, badilisha vibandiko kila siku. Nusu ya makelele hutoka kwenye kibandiko kilichokauka, kwa makadirio yangu ya kusikia tu.

Wajua ndugu wakiruhusiwa kukaa muda mrefu hawaongezi maambukizi? Brazili walijaribu ICU 36, ndugu wakikaa hadi saa 12 kwa siku. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua kama walivyotarajia, lakini maambukizi hayakuongezeka, na wasiwasi wa ndugu ulishuka sana. Ufaransa nao, 2013, waliwapa ndugu nafasi ya kushuhudia mgonjwa akifufuliwa moyo. Waliopewa nafasi hiyo walikuwa na dalili chache za msongo wa baada ya tukio miezi 3 baadaye kuliko wasiopewa, na kazi ya wahudumu haikuharibika. Kwetu ndugu hukaa nje na vikapu vya uji, wakisubiri kengele ya saa 10 jioni. Kanuni hiyo inastahili kuulizwa maswali.

Habari ya karibuni kutoka Kenya: hospitali 18 za nchi hiyo zilijaribu steroidi za bei nafuu kwa watu wazima 2,180 wenye nimonia. Vifo katika siku 30 vilikuwa 22.6 katika kila 100 kwa waliopewa, na 26.0 kwa wasiopewa. Imechapishwa 2025. Hapa hapakuhitajika ICU, na walioshiriki ni wagonjwa wa wodi kama tunazozijua.

Aliyepaliwa na nyama kooni: mwongozo wa Marekani wa Oktoba 2025 unasema anza na mapigo 5 ya mgongoni katikati ya mabega, kisha misukumo 5 ya tumboni, zungusha hivyo hadi kitoke au azimie. Awali Marekani waliruka mapigo ya mgongoni kwa mtu mzima.

La mwisho ni la wodi ya wazazi, kwa kuwa huko nako mahututi huanzia. Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80, akina mama zaidi ya 210,000. Wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, inayowekwa chini ya mama mara tu mtoto akitoka. Damu inaonekana kwa mililita, si kwa makadirio ya kitambaa kilicholowa. Ikivuka mstari, yote hufanywa pamoja bila kusubiri moja lishindwe: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulibana, asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi na kuita msaada. Kwa huduma ya kawaida, karibu nusu ya waliovuja sana hawakutambuliwa. Kwa mfuko, walitambuliwa 93 katika kila 100, na kuvuja kukubwa, upasuaji na vifo kwa pamoja vikapungua kwa asilimia 60. Utafiti huo unaitwa E-MOTIVE, wa 2023. Na Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilishusha mstari wenyewe: usisubiri mililita 500 ikiwa damu imefika 300 na mapigo ya moyo yamezidi 100 au presha ya juu iko chini ya 100. Kwa mkunga aliyeshika mkono wa mzazi na saa, hizo ni mililita 200 za kuwahi.